Kosa la Warumi

Kashai, Bukoba
9 Februari 1937

Kwa ndugu yangu Mwalimu Privatus Byabato, Muleba.

Sijui nianze na salamu au nianze na ugomvi. Tangu Krismasi yenu hujaniandikia hata mstari mmoja, mimi niliyekula nawe sahani moja shule ya serikali, tukagombania kichwa cha samaki. Haya, salamu nyingi, pamoja na za Shamsa mke wangu. Ugomvi nauweka akiba.

Nina shida. Mwezi wa Septemba nakwenda Mwanza kufanya mtihani wa wakalimani wa mahakama. Nikishinda nitaacha kuwa karani anayeitwa kukalimani pale tu anapokosekana mtu. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali anayesikiliza kesi zetu, ameniazima kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza, lakini amenionya kwamba mzee anayesahihisha mtihani huo ana wazimu wake: hupenda kuuliza maneno yametoka wapi. Si maana yake. Anataka baba wa neno na babu yake.

Nimekwama kwenye neno "genitive". Kitabu kinasema ndilo umbo la jina linaloonyesha kitu ni cha nani: nyumba ya fulani, mkuki wa mfalme, mtoto wa jirani. Hapo naelewa, nasi tuna "ya" na "wa" zetu wala hazitusumbui. Lakini kwa nini liitwe hivyo? Nilimwuliza Bwana Shauri, akakuna kidevu, akasema ni Kilatini, kisha akaagiza chai. Wewe ulisoma Kilatini kwa mapadri kabla hujatambua kwamba mke ni mtamu kuliko kanzu nyeusi. Nisaidie.

Msalimie shemeji Ephrasia na binti yetu Kokuberwa. Mwambie baba yake wa Kashai anamwekea halua.

Nduguyo,
Burhani bin Yunus


Muleba
21 Februari 1937

Ndugu Burhani,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa lori. Nisamehe ukimya wangu. Kuna jambo la nyumbani limenikalia kifuani, litapita.

Neno lako kwa Kilatini ni "genitivus". Mzizi wake ni kuzaa. "Genitus" ni aliyezaliwa. Basi Warumi walipotafuta jina la umbo linaloonyesha kitu ni cha nani, waliliita umbo la mzazi. Nilipokuwa mwanafunzi nililikariri tu kama kasuku. Safari hii nililisoma nikiwa peke yangu darasani, watoto wameshatoka, na nikakuta machozi yananitoka. Mtoto ni wa aliyemzaa. Warumi walikuwa wapagani, lakini hilo waliliona, wakaliweka kwenye sarufi mahali ambapo hakuna baraza linaloweza kulitengua.

Hata hivyo usiliandike bado kwenye mtihani wako. Padri mzee aliyenifundisha yu hai na anajua Kigiriki. Aliwahi kutuambia kwamba Warumi hawakuibuni sarufi yao, waliifasiri kutoka kwa Wagiriki. Sasa ni Kwaresima na ana kazi nyingi. Nitamwendea baada ya Pasaka.

Kokuberwa amejua kusoma. Anasoma kila kitu, hata maandishi ya magunia ya chumvi. Anasema halua hiyo uifunge vizuri isiingie siafu.

Wako,
Privatus Byabato


Kashai
6 Machi 1937

Mwalimu,

Idi imepita salama, tumechinja, na majirani Wakristo wamekula kuliko sisi. Asante kwa Warumi wako.

Sasa niambie ukweli. Mtu haulizwi neno moja la sarufi akajibu kwa machozi juu ya baba na mtoto. Nilimsomea Shamsa barua yako, akacheka akasema, "Mke wake ana mimba huyo." Basi hongera! Kokuberwa ana miaka saba, amekaa peke yake vya kutosha. Na kama kuna watu wanatia maneno eti mimba ilianza lini, sisi wenye mababu wa pwani tuna neno letu: kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa kitandani mwako ni wako. Mwenye kuuliza zaidi anatafuta ugomvi, mpe.

Usimsahau padri wako. Mtihani haungoji mtu.

Burhani


Muleba
4 Aprili 1937

Ndugu Burhani,

Hakuna mimba. Mwambie Shamsa nimemshukuru kwa nia yake. Na hicho kitanda chenu cha pwani ni kizuri, ila huku kwetu watu huuliza kwanza ni kitanda cha nani kilichotangulia. Tuliache hilo.

Nimekwenda kwa padri. Macho yamemfifia lakini kichwa ni kilekile. Nilipomtajia "genitivus" alipiga meza kwa furaha, akasema, "Hapo Warumi walikosea!" Wagiriki waliliita umbo hilo "genike", akanieleza, na hilo limetoka kwa "genos": aina, jinsi, ukoo. Halikuwa umbo la mzazi hata kidogo. Lilikuwa umbo la ukoo, la kuonyesha kitu ni cha kundi lipi. Mrumi aliyefasiri alisikia uzazi ndani ya neno, maana Kigiriki na Kilatini ni ndugu, akaandika "la mzazi". Walikuwa na neno jingine ambalo lingefaa, hawakulitumia. Kutoka hapo Waingereza wamelirithi kosa na wewe utatahiniwa juu yake Mwanza.

Nilimwuliza, kwa nini hakuna aliyesahihisha miaka yote hiyo? Akasema kosa likishafundishwa shuleni linakuwa somo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimewakasirikia Wagiriki, kana kwamba ni majirani zangu. Ukoo! Kila ninapogeuka ni ukoo. Nilitaka sana Warumi wawe wamesema kweli. Lakini siwezi kukufundisha kosa kwa sababu tu linanipendeza. Unanijua: tafsiri mbaya inanikera kuliko uongo. Mwongo walau anajua anachokifanya.

Usiniulize zaidi kwa sasa.

Privatus


Kashai
12 Mei 1937

Privatus,

Leo nimeletewa mashauri ya rufani yatakayosikilizwa mwezi wa Juni, nipange mashahidi. La tatu ni Mushumbusi dhidi ya Privatus Byabato, juu ya mtoto wa kike aitwaye Kokuberwa.

Nilikaa nikalitazama jina hilo mpaka chai ikapoa. Mimi ninayemwita binti yangu, nisikie habari zake kwa tarishi! Nilikuwa nakuandikia mizaha ya mimba, nawe unanijibu habari za Wagiriki. Umeniumiza, na nakwambia wazi umeniumiza.

Mkalimani wa kweli ni mgonjwa. Siku hiyo nitasimama mimi. Mushumbusi ni nani, na anamtakia nini mwanao? Niandikie yote, wala usiniletee Kilatini.

Burhani


Muleba
20 Mei 1937

Ndugu yangu,

Una haki ya kukasirika. Niliona aibu, basi.

Ephrasia aliolewa kabla yangu, kwa mila, akiwa hajabatizwa. Mume alikuwa huyo Mushumbusi, mwenye mitumbwi na nyavu zake kisiwa cha Bumbire na kibanja chake cha migomba pwani ya ziwa. Hawakukaa pamoja hata msimu mmoja. Alikuwa akirudi kutoka kisiwani na fimbo. Ephrasia alikimbia kwao, mahari ikarudishwa, ndoa ikavunjika mbele ya wazee. Mwaka uliofuata akabatizwa, tukafunga ndoa kanisani, na baadaye akazaliwa Kokuberwa, nyumbani mwangu, damu yangu. Hakuna anayebisha kwamba ni damu yangu. Hata Mushumbusi habishi.

Lakini sisi Wahaya tuna mila iitwayo bisisi. Wewe umekulia mjini, labda umeisikia kwa mbali. Mwanamume wa kwanza kulala na mwanamwali ndiye mwenye mtoto wa kwanza atakayezaliwa na mwanamke yule, hata azaliwe miaka miwili baadaye, hata azaliwe kwa mume mwingine. Aliyezaa hahesabiwi. Mushumbusi ameoa wake watatu na hana mtoto. Sasa amekumbuka kwamba anaye mmoja kwangu.

Baraza la huku lilinipa mimi haki, kwa sababu moja tu: alinyamaza miaka saba. Walisema dai lililonyamaziwa hivyo limekufa, isipokuwa kama mtoto aliwahi kupelekwa kwake akapokewa kama mwana. Hajawahi. Nimeapa hajawahi, na nimeapa nikiwa na amani. Ndiyo maana amekata rufani bila matumaini, nafikiri.

Silali, Burhani. Yeye ndiye mwana pekee tuliyejaliwa.

Privatus


Muleba
2 Juni 1937

Shemeji Burhani,

Ni mimi Ephrasia. Masista walinifundisha kuandika, usishangae. Mume wangu hajui kama nimekuandikia, na ukinipenda asijue.

Mwalimu ameapa kwamba mtoto hajawahi kupelekwa. Kokuberwa amepelekwa. Nilimpeleka mimi, Novemba iliyopita.

Mushumbusi ana mama yake, Anatolia. Nilipoolewa pale, yule bibi ndiye aliyekuwa akinificha. Usiku mmoja alijiweka mlangoni, fimbo ya mwanawe ikampiga yeye. Yeye ndiye aliyenifungulia nikakimbia. Mwaka jana nikasikia anaumwa, haoni tena vizuri, hana mjukuu. Ulikuwa msimu wa senene. Nikamjazia kikapu, nikampa Kokuberwa akamkabidhi kwa mkono wake, mimi nikangoja njiani kwa sababu niliogopa kuuona mlango ule. Bibi alilia, akamfunga mtoto kitambaa kipya. Mushumbusi alikuwa kisiwani. Jirani yao Clotilda aliona.

Unajua desturi yetu. Binti hupeleka senene kwa baba yake, na nyumba ya baba hujibu kwa nguo. Ndiyo kusema: tumekupokea, wewe ni wetu. Mimi sikuwaza hivyo. Niliwaza bibi mgonjwa ale kitu kitamu. Sasa Clotilda ameitwa kuwa shahidi Bukoba, na sina ujasiri wa kumwambia mume wangu kwamba kiapo chake nimekitia doa.

Mzungu hajui senene ni nini kwetu. Kwake ni wadudu. Nakuomba shemeji, Clotilda akisema, wewe fasiri maneno yake tu. Maneno tu, usiongeze.

Ephrasia


Kashai
9 Juni 1937

Shemeji,

Hakuna barua yoyote yako iliyonifikia. Kama uliandika, imepotea njiani, na asiyepata barua hana la kuulizwa.

Mkalimani ameapa kufasiri lile lililosemwa. Lisilosemwa halimo katika kiapo. Nimelifikiria hilo siku nyingi na sijaona kwamba nimelitatua vizuri, lakini nimemshika Kokuberwa mikononi akiwa na arobaini yake. Kuleni, laleni.

Burhani bin Yunus


Kashai
30 Juni 1937

Privatus,

Wiki nzima nimekuwa nikianza barua hii na kuichana. Kwa nini ulisimama?

Ilikuwa imekwisha! Mushumbusi alisema la kumharibia mwenyewe: "Sikumzaa. Sijasema nilimzaa. Ni wangu." Nilimfasiria Bwana Shauri, akatoa miwani akamwangalia kama anayeangalia mwendawazimu. Clotilda akasimama akasema, mtoto alileta senene, bibi akamfunga nguo. Nikafasiri: mtoto alileta panzi, mwanamke mzee akampa kitambaa. Neno kwa neno. Bwana Shauri akatabasamu, akaukunja mkono wake wa kuandika, akauliza kama kuna shahidi mwingine. Hakukuwepo. Kalamu ilikuwa chini, Privatus!

Ndipo ukainuka. Kwa Kiingereza chako kile safi ukasema, "Bwana, mkalimani ameleta maneno, ameiacha maana." Nilikukodolea macho ukae. Ukaulizwa maana gani. Na wewe, baba wa mtoto, ukaeleza senene na nguo kama uko mbele ya darasa, hatua kwa hatua, mpaka Bwana Shauri akaelewa kuliko wazee wote waliokuwa nje. Akarudisha miwani, akasema basi kwa mujibu wa baraza lenu wenyewe mtoto alipelekwa, akapokewa, dai ni hai, na mtoto apewe Mushumbusi.

Mimi nimeondolewa ukalimani. Mwanza siendi. Hilo sikulaumu sana, maana nilijua ninachokifanya. Lakini Kokuberwa! Nieleze, kwa sababu Shamsa ananiuliza kila siku.

Burhani


Muleba
11 Julai 1937

Ndugu Burhani,

Mtu angedhani ni ukweli ulioniinua. Padri wangu amedhani hivyo, ameniandikia kunisifu. Nimeichoma barua yake.

Sikujua. Nilipomsikia Clotilda ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia. Niligeuka nimtazame Ephrasia, nikamkuta anatazama sakafu, nikajua ni kweli, na kwamba nimeapa uongo mbele ya baraza bila kuambiwa. Halafu nikakusikia wewe. "Panzi." Wewe unayejua senene ni nini tangu utotoni, umekula nyumbani kwetu. Nikaona wazi kwamba wewe nawe ulikuwa unajua. Mke wangu na rafiki yangu wanajua, mimi pekee ndiye mjinga wa shauri langu mwenyewe. Ilikuwa hasira, Burhani. Nilitaka mwone kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimeshasimama kabla sijakumbuka kwamba anayepimwa pale ni mtoto. Na nikiisha simama mbele ya watu, unanijua, sijui kufundisha nusu.

Nilipofika katikati ya maelezo nilikumbuka. Ningeweza kunyamaza. Sauti iliendelea.

Mushumbusi alikuja kumchukua mwenyewe, na kaka yake. Hakutukana mtu. Alivua kofia mlangoni akasema, "Mwalimu, sikuja kwa ubaya, na mimi nataka mtu wa kunizika." Kokuberwa aliniuliza amekosa nini. Nikamwambia hajakosa. Akasema, "Basi Tata, mbona wananipeleka?" Nikamfungia mzigo wake, mimi ninayelipwa kwa kujibu watoto.

Ephrasia hasemi nami. Anapika, anaweka, anatoka. Wewe nimekuharibia kazi. Sijui naombaje msamaha wa kitu kikubwa hivi, lakini naomba.

Privatus


Pwani ya ziwa
1 Agosti 1937

Baba Kokuberwa,

Nakuita hivyo kwa sababu hapa hakuna karani wa mahakama.

Usinitafute kwetu, niko hapa, nyumbani kwa Anatolia. Sikurudi kwa mume. Mushumbusi nimemwambia mbele ya ndugu zake kwamba nimekuja kumwuguza mama yake na kumlea mwanangu, na siku atakayonyanyua mkono nitaondoka na wote wawili, bibi na mtoto. Amezeeka, amekubali. Nalala chumba kimoja na bibi na Kokuberwa.

Nimekuwa nikikuchukia tangu Bukoba. Kisha najichukia mimi, maana nilikuficha, nikakuacha uape. Nikimaliza kujichukia naanza tena na wewe. Sijafika mwisho wake. Usiniulize nitarudi lini.

Lakini mtoto halali vizuri. Kila lori likilia barabarani anatoka nje. Nimezungumza na Mushumbusi, nikamwambia mtoto huyu ana akili, na kijiji hiki hakina shule. Amesema mwalimu anaweza kuja Jumamosi kumfundisha, mwalimu yeyote. Yeye Jumamosi huwa kisiwani.

Basi njoo. Watu wakikuuliza wewe ni nani kwake, sema u mwalimu wake. Hilo ni kweli na hakuna baraza litakalokunyang'anya. Usimwite mwanangu mbele ya majirani, na yeye nimemkataza kukuita Tata. Nimemweleza polepole. Alilia, halafu akakubali.

Ila jana wakati wa kulala ameniuliza kama mwalimu anaruhusiwa kumbeba. Njoo Jumamosi.

Ephrasia